Kufuli Ndani ya Gari

Matatu inayotoka mjini Bungoma kwenda Kitale hujaza viti vyake vya mwisho pale Kanduyi, hushika barabara kuu hadi Webuye, kisha hukata kushoto kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Sheria imeitia kufuli: kidhibiti mwendo, ambacho hakitakiwi kuiachia ipite kilomita 80 kwa saa. Nyuma yake huja gari dogo la mtu binafsi, Toyota iliyoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko miaka kadhaa. Hilo sheria haikulitia kufuli ya mwendo. Dereva wake akiamua kukimbia 150 mbele ya watoto wanaotoka shule, hakuna chuma wala programu itakayomshika mguu. Lakini redio yake imefungwa. Betri ilipobadilishwa, kioo kilitoa maandishi ya Kijapani na tarakimu, kikadai kadi ya ramani ambayo haikuja na gari, na tangu hapo mwenye gari hasikii hata taarifa ya habari ya saa moja.

Magari hayo mawili yanatuwekea swali moja ambalo kwa kawaida tunalijadili vipande vipande. Nani afungwe, nani asifungwe, na kwa faida ya nani? Wanaojadili ajali huzungumzia uamuzi wa dereva na wajibu wake. Wanaojadili hakimiliki huzungumzia wizi wa nyimbo, filamu na vitabu. Kumbe pande zote mbili zinategemea dawa ile ile: ukishindwa kumwamini mtu, funga kifaa. Naona dawa hiyo inafaa pale tu inapomlinda mtu wa tatu, yule ambaye hakuulizwa kitu. Pale inapomlinda muuzaji dhidi ya mnunuzi aliyekwisha kulipa, ni dhuluma. Na hata inapofaa, haimwondolei binadamu wajibu wake.

Tuanze na mwendo, kwa kuwa huko ndiko watu wanakokufa. Kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, waliouawa kwenye barabara za Kenya walikuwa 4,324 mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024. Kundi kubwa kuliko yote katika hesabu hizo ni la watembea kwa miguu. Hao hawakuchagua mwendo wa gari lolote. Pale Kanduyi unawaona: mama mwenye beseni la nyanya kando ya lami, kijana wa bodaboda anayesubiri mteja, mtoto anayevuka kwenda upande wa uwanja wa Masinde Muliro huku trela za Malaba zikipita bila kukoma. Ujenzi wa barabara pana kati ya Musikoma na Kanduyi ulipunguza msongamano, na barabara iliyo wazi humwita dereva akanyage zaidi.

Kidhibiti mwendo kiliingia kwa nguvu enzi za Waziri wa Uchukuzi John Michuki. Kanuni zake, zilizotolewa mwaka 2003 kwa Tangazo la Kisheria nambari 161, zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila kiti kiwe na mkanda, matatu iwe na mstari wa manjano, dereva na makanga wavae sare, na gari lifungwe kifaa cha kuzuia mwendo. Wenye magari waligoma, abiria wakatembea kwa miguu, na Michuki hakurudi nyuma. Miezi ya kwanza utulivu ulionekana kwa macho. Watu wazima wa Bungoma wanaukumbuka wakati huo kama kipindi ambacho mtu aliketi ndani ya matatu bila kubanwa na bila kuomba dua kila kona. Haukudumu. Novemba 2018 serikali ililazimika kufanya msako wa nchi nzima ili kuzirudisha kanuni zile zile, ambazo kwenye karatasi hazikuwa zimeondoka.

Nini kilitokea katikati? Kidhibiti mwendo husoma mwendo kupitia sensa iliyo karibu na giaboksi. Mwendo ukifika kiwango kilichowekwa, kinapunguza mafuta au kinaizuia pedali isizidi. Ukielewa hivyo umeshaelewa jinsi kinavyohadaiwa. Waya wa sensa hukatwa, au swichi hufichwa chini ya dashibodi, au fundi hukipanga upya ili kione 60 wakati gari liko 90. Siku ya ukaguzi ikikaribia, waya hurudi mahali pake. Wapo pia waliopata cheti cha kufungiwa kifaa bila kifaa chenyewe. Na mkono wa trafiki anayepokea noti kupitia dirishani ni swichi nyingine tena, kubwa kuliko ile ya chini ya dashibodi.

Tukiishia hapo tutasema madereva ni watundu, na tutakuwa tumekwepa jambo lenyewe. Dereva wa matatu wa Kanduyi anafanya kazi kwa hesabu. Mwenye gari ametaja kiasi anachotaka kila jioni. Yatoke mafuta, itoke ada ya sacco, itoke ya barabarani, na kinachobaki ndicho chakula cha dereva na makanga. Asipofikisha hesabu siku mbili mfululizo, kesho yake funguo ziko kwa mtu wa skwodi ambaye ameshinda steji akingoja nafasi hiyo hiyo. Raundi moja zaidi hadi Webuye na kurudi ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na unga na kurudi mikono mitupu. Kanuni za mwaka 2014 za magari ya uchukuzi wa umma zilitaka madereva na makanga waajiriwe kwa mkataba na walipwe mshahara wa mwezi. Sheria ya Trafiki nayo, kifungu cha 66A, inakataza dereva wa gari la umma au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Uliza steji yoyote magharibi mwa Kenya ni wangapi wanaopata mshahara huo, na ni wangapi wanaoshuka kwenye kiti baada ya saa nane.

Simsafishi dereva. Mguu ni wake, na anapopita gari jingine kwenye kona ya mlima anajua anachofanya. Ila uamuzi wake umekwisha kununuliwa nusu kabla hajawasha injini, na aliyeununua hayumo ndani ya gari. Ajali ikitokea, anayefikishwa mahakamani ni dereva kama yu hai. Mwenye hesabu huenda kwa kampuni ya bima. Kwangu mimi hili ndilo shimo kubwa kuliko yote katika mjadala wetu wa wajibu, na hakuna kifaa kitakachoweza kulifukia.

Tarehe 12 Desemba 2017, sikukuu ya Jamhuri, ajali ya magari kadhaa pale Kamukuywa, kwenye barabara hii ya Webuye na Kitale, iliua watu zaidi ya kumi. Siku ya mwisho ya mwezi huo huo, basi na lori viligongana Migaa karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Serikali ikajibu kwa kufuli kubwa zaidi: mabasi yasisafiri usiku. Abiria wa Bungoma na Kitale aliyezoea kupanda jioni ili apambazukiwe Nairobi akajikuta amefungiwa, lakini malori na magari binafsi, ambayo nayo yalikuwa kwenye barabara ile ile usiku ule ule, hayakuguswa. Katazo hilo halikudumu mwaka. Halafu tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori likawavamia watu waliokuwa stejini na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, likaua 52. Waliokufa walikuwa wakiuza, wakinunua, wakisubiri gari. Londiani na Kanduyi zinafanana kiasi cha kutisha: makutano ya barabara kuu, soko lililosogea hadi ukingoni mwa lami, na malori mazito yanayopita katikati ya watu.

Wapo wanaosema dereva mwema hahitaji kifaa, na mbaya hakimzuii. Hoja hiyo ina historia. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman aliandika kwamba magari ya Marekani yalipofanywa salama zaidi kwa sheria, madereva walijiachia zaidi, na sehemu ya hatari ikahamia kwa watembea kwa miguu. Wataalamu wamebishana naye kuhusu ukubwa wa jambo hilo, lakini kila abiria amewahi kumwona dereva anayekimbia zaidi kwa sababu amefunga mkanda. Marekani hiyo hiyo iliwahi kujaribu kufuli kamili. Magari mapya ya mwaka 1974 yalikataa kuwaka hadi mkanda ufungwe. Watu walikasirika, wengi wakakata nyaya, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la Congress likapiga marufuku sharti hilo. Mkanda ulikuja kukubalika baadaye kwa njia nyingine: sheria, faini, na miaka mingi ya kufundisha.

Ulaya imeshika njia ya kati. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo unaosoma kikomo cha mwendo na kumwonya dereva, lakini dereva anaweza kuupita kwa kukanyaga zaidi. Gari linasema, mtu anaamua, na wajibu unabaki kwake.

Sisi tunayo njia yetu ya kati, nayo ni ya bei rahisi kuliko hiyo. Wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu za Kenya vibandiko vinavyomhimiza abiria aseme dereva anapoendesha vibaya, kisha wakazilinganisha na matatu zisizo na vibandiko. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa 2011, madai ya bima kwa ajali yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililofuata lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi moja. Kampeni ya Zusha! ilizaliwa humo. Matokeo hayo yananigusa kuliko kifaa chochote, kwa kuwa yanaonyesha kwamba abiria kumi na wanne wana sauti ambayo kwa kawaida wanaimeza. Tunamwacha dereva apite magari matatu kwa mpigo, tunashika kiti cha mbele, tunanyamaza, tukishuka tunalalamika. Mzee mmoja akisema, "Dereva, mwanangu, tuko na haraka lakini tunataka kufika," gari zima huunga mkono. Tatizo ni kumpata huyo wa kwanza.

Kwa dereva wa gari binafsi hali ni legevu zaidi. Hana kidhibiti, hana makanga, na mara nyingi hana abiria wa kumkanya. Kikomo chake cha mijini ni kilomita 50 kwa saa, na anakijua kama anavyojua jina la mkwe wake. Alkoblow, kipimo cha pombe kwa madereva, ilimtia hofu kwa muda, hadi mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilipoona kanuni zilizoanzisha kipimo hicho hazikulingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kwa hiyo anayelindwa zaidi dhidi ya ukaguzi ndiye huyo anayeweza kukimbia zaidi. Naona hapo sheria yetu imeanzia kwa mnyonge. Ikiwa kilomita 80 zinamfaa anayebeba watu kumi na wanne, basi kuna haja ya kumdhibiti pia anayekimbia 150 peke yake, angalau anapopita katikati ya soko. Mtoto anayevuka hajali gari lina mstari wa manjano au halina.

Sasa turudi kwenye ile redio bubu. Katika Toyota nyingi za namna hiyo, kadi ndogo ya ramani hubeba pia programu za kuendeshea redio, na imefungwa ili isinakiliwe na isitumike kwenye kifaa kingine. Gari likifika Mombasa bila kadi, au betri ikichomolewa, kioo kinadai msimbo. Mnunuzi amelipa bei ya gari, ushuru wa forodha na ada ya usajili, yote halali. Anaambiwa athibitishe kwamba si mwizi, kwa lugha asiyoisoma, kwa kampuni iliyo ng'ambo ambayo haimjui. Anakwenda kwa fundi wa jua kali, analipa, redio inafunguka, na ndipo anapogundua kwamba stesheni nyingi za Kenya hazikamati, kwa kuwa redio ya Kijapani huishia karibu na 90 FM ilhali zetu zinapanda hadi 108.

Fundi huyo ni msomi wa kazi yake. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 35, inahesabu kukwepa kinga ya kiufundi ya kazi yenye hakimiliki kuwa ni ukiukaji. Kenya ilifuata mkondo wa dunia, ule uliotokana na Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa 1996 na sheria ya Marekani ya 1998. Mkondo huo hauangalii sana kama aliyefungua kufuli aliiba kitu. Unaangalia kwamba alifungua.

Wakulima wa Trans Nzoia wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Matrekta ya John Deere yanalima mahindi na ngano karibu na Kitale, na matrekta ya kisasa ni kompyuta zenye magurudumu. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliiambia Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwamba mwenye trekta ana ruhusa tu ya kutumia programu iliyomo. Programu yenyewe si mali yake. Oktoba mwaka huo ofisi hiyo iliruhusu wenye magari na matrekta kuzipita kufuli za programu kwa ajili ya ukarabati, na Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ikaishtaki kampuni hiyo kuhusu masharti yake ya ukarabati. Mkulima wa Kiminini ambaye trekta lake limezima katikati ya msimu wa kupanda hana ofisi ya kumwombea ruhusa ya namna hiyo. Mvua haimsubiri.

Mwaka huo huo wa 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imeficha ndani ya magari yapatayo milioni 11 programu iliyodanganya vipimo vya moshi. Kwa hiyo anayefunga programu ili tusiione si lazima awe mwaminifu kuliko dereva wa Kanduyi aliyekata waya wa sensa. Tofauti ni kwamba dereva anaweza kukamatwa na trafiki siku hiyo hiyo, na kampuni ilichukua miaka kunaswa.

Kwenye filamu na vitabu kero ni ile ile. Diski za DVD ziligawanywa kwa kanda: Marekani ya 1, Uingereza ya 2, Kenya ya 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India. Shangazi aliyenunua filamu halali dukani London akawaletea watoto Bungoma, alikuta mashine inaikataa. Nakala ya wizi kutoka duka la muvi karibu na steji ilicheza bila shida yoyote. Aliyelipa akaadhibiwa, asiyelipa akatazama. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu vya George Orwell ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuvinunua. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, vitabu vikatoweka, wanunuzi wakarudishiwa fedha. Msomaji asiyeona huumia zaidi, kwa sababu kufuli ya kitabu huweza kuinyamazisha programu inayomsomea. Ndiyo maana Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unataka kinga za kiufundi zisimzuie kupata nakala anayoweza kuitumia.

Nitajibiwa: na mwanamuziki je? Mpiga litungu wa Bungoma ambaye wimbo wake unawekwa kwenye flashi kwa shilingi chache, kisha unachezwa ndani ya matatu mwaka mzima, ameibiwa kweli, na uchungu wake ni wa haki. Ila tuangalie kufuli imemsaidia nini. Wimbo wake haukuwa na kufuli hata siku moja. Uliuzwa wazi ili usikike. Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lake mwaka 2009, na watu hawakuacha kununua. Anachokihitaji mpiga litungu ni mirabaha ikusanywe kwa uwazi na imfikie. Matatu hulipia leseni za muziki, na malalamiko ya wasanii wa Kenya kuhusu mgao wa fedha hizo ni ya miaka mingi. Hapo ndipo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ina kazi ya kufanya.

Kuna kufuli nyingine inayoenea kwa kasi katika kaunti zetu, ya pikipiki za mkopo. Kifaa cha kuifuatilia pikipiki hufungwa chini ya kiti, na baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kuizima injini kutoka mbali deni likichelewa. Mkopeshaji ana haki ya deni lake. Lakini injini inayoweza kuzimwa na mtu aliye ofisini ni hatari kwa mwenye deni, kwa abiria aliyembeba na kwa lori lililo nyuma yao. Anayebonyeza kitufe hicho anaendesha pikipiki bila kuiona barabara, na akisababisha kifo anastahili kuulizwa kama dereva mwingine yeyote. Mikopo ya simu zinazofungwa ina madhara madogo kuliko hayo, mradi kufuli iondoke siku malipo ya mwisho yanapoingia.

Kwa hiyo kidhibiti mwendo kinastahili kubaki, kwa kuwa kinamlinda mama wa nyanya, na mamlaka inayokisimamia inaweza kuulizwa bungeni na mahakamani. Kufuli ya redio, ya trekta na ya kitabu haimlindi yeyote aliye kando ya barabara, na funguo zake ziko kwa kampuni isiyoulizwa na yeyote kati yetu.

Bunge litakapoirudia Sheria ya Hakimiliki, liandike wazi kwamba kufungua kifaa ulichokinunua ili ukitengeneze au ukitumie si kosa. NTSA nayo, inapokuta waya wa sensa umekatwa, imfikishe mahakamani mwenye gari pamoja na dereva wake, na idai kuonyeshwa mkataba wa mshahara. Nawe abiria unayepanda Kanduyi asubuhi, ukiona sindano imepita 80, sema kabla hamjafika Webuye.